Minara ya Kinyozi Iliyovaa Kofia

Mtaani walimwita Masikio, na usije ukadhani ni kwa ukubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida tu, madogo hata, yamelala kichwani kwa adabu zao. Jina alilipata ujanani, siku alipopita nje ya ukumbi ambamo watu walikuwa wanajaribu vyombo vya muziki. Akasimama. Akainamisha kichwa. Halafu akaingia bila hodi na kumwambia mwenye mitambo, "Boksi lako la tatu kutoka kushoto lina skrubu imelegea." Wakamcheka mpaka machozi. Wakalifungua boksi ili wamuaibishe vizuri, na loo, skrubu ikawadondokea mikononi. Tangu siku hiyo, yapata miaka ishirini na sita, hakuna aliyenunua spika pale mtaani bila kuuliza kwanza: Masikio anasemaje?

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu akishapata jina kama hilo, nani atathubutu kumwambia kwamba amekosea?

Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa himaya ya mkewe: kaunta, daftari la oda, nyaya zimetundikwa misumarini, na jiko dogo la gesi lenye birika la filimbi kwa chai ya saa nne. Cha nyuma kilikuwa cha kusikilizia. Kulikuwa na zulia, pazia zito, kochi moja la watu watatu, na runinga ukutani. Huko Masikio aliwafundisha watu maana ya sauti ya kuzunguka. Mlango ukifungwa nyuma ya mtu kwenye filamu, nawe uusikie nyuma ya kisogo chako. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia, lipite mbele ya pua yako. Kwa hilo unahitaji spika tano, tatu mbele na mbili nyuma, na swali gumu siku zote ni hizo kubwa za mbele ziwe za aina gani. Zipo ndefu zinazosimama sakafuni, zinamfika mtu kiunoni. Pale dukani ziliitwa minara. Zipo fupi za kuweka juu ya rafu. Hizo waliziita vibweta. Ndoa nyingi zimetikisika juu ya swali hilo, nakuambia.

Basi asubuhi moja wakaingia wastaafu wawili, mume na mke. Mume alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na wenzake wa barabarani walimbandika jina la Tani Kumi. Mke alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, na kila mtu, pamoja na mumewe, alimwita Mwalimu. Miaka yote hiyo mmoja alikuwa safarini na mwingine darasani. Sasa kwa mara ya kwanza walikuwa wanashinda sebule moja, na walikuwa wamepatana kwamba kila alasiri wataangalia filamu pamoja, kabla hawajaanza kugombana.

Walianza kugombana pale pale kaunta.

"Minara," alisema Tani Kumi. "Sina maneno mengi. Minara."

"Sebule yetu ina hatua tano kwa sita," alisema Mwalimu. "Ukiweka minara, wageni watakaa wapi? Juu yake?"

"Mke wangu, mimi nimekalia injini miaka thelathini. Lori likipita kwenye filamu nataka nilisikie nyayoni. Hivyo vibweta vyako vitanililia kama simu iliyoanguka chooni."

"Na mimi nimepigiwa kelele na watoto hamsini hamsini. Nataka nisikie watu wanasema nini, basi. Wakinong'ona, nisikie mnong'ono."

Mke wa Masikio akacheka, akawapa chai. Masikio akawapeleka nyuma, akawaketisha, akawasha kipande kile kile alichokitumia miaka nenda rudi: watu wanavuka msitu, lori linapita barabarani, mvua inaanza, na juu kabisa mtini, nyuma yako, ndege mmoja mdogo analia. Ndege yule ndiye aliyekuwa mtihani wake. Alikuwa amemsikiliza mara elfu na zaidi. Alijua sekunde anayoanza na sekunde anayonyamaza. Alimjua kiasi kwamba kichwa chake kilikuwa kinamsikia hata masikio yasipomsikia, na wala hakuwa na habari.

Akawawekea vibweta kwanza, kisha minara. Kwenye minara akaongeza sauti nyembamba za juu kwa kidole, kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya kwa mwaka mzima sasa.

"Umesikia uwazi huo?" akauliza, ameridhika. "Hiyo ndiyo sauti iliyosafishwa."

Tani Kumi alikuwa anatabasamu kwa sababu ya lori. Lakini Mwalimu alikuwa ametia kidole sikioni.

"Inanichoma kidogo, fundi."

"Ni kwa sababu hujazoea, Mwalimu. Masikio yako yamezoea redio. Wiki moja tu yatafunguka."

Mwalimu alikuwa mwanamke aliyewahi kumrudisha afisa elimu mlangoni kwa kutofuta viatu. Lakini mbele ya Masikio akajikunyata. "Labda," alisema. "Uzee huu."

Umeona? Hata Mwalimu!

"Msikate shauri hapa," alisema Masikio. "Dukani kila kitu kinapendeza. Nitawapeleka kwa wateja wangu mkasikie majumbani." Huo ulikuwa utaratibu wake wa siku zote, na watu walimheshimu kwa hilo. Kwa kawaida alipiga simu kwanza kuwaarifu wenye nyumba. Siku hiyo, kwa kuwa kinyozi alikuwa rafiki yake na mshonaji alikuwa jirani, akaona simu ya nini. Wakaondoka watatu kwa miguu.

Kinyozi alikuwa na siku ya mapumziko. Alifungua mlango amevaa kaptura, akamwona Masikio, akawaona na wageni, na uso ukambadilika kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha pasi inawaka.

"Karibuni... ngojeni... aa, karibuni tu."

Sebuleni kwake minara miwili ilikuwa imesimama kulia na kushoto kwa runinga, myeusi, inang'aa. Na kila mnara ulikuwa umevaa kofia ya sufu. Kofia za baridi, za kufumwa, moja nyekundu na moja ya kijani, zimevutwa mpaka chini zikaziba ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Kinyozi mzima, ambaye kazi yake ni kuwavua watu kofia!

"Vumbi," alisema kinyozi upesi. "Barabara hii, fundi, vumbi limezidi."

"Ungeniambia nikuletee kitambaa chake," alisema Masikio, akazivua mwenyewe, akawasha filamu. Kinyozi alikaa amebana meno dakika zote tano. Mkewe alipitia mlango wa jikoni, akachungulia, akarudi zake. Tani Kumi alifurahia lori. Mwalimu hakuangalia runinga hata kidogo. Alikuwa anamwangalia kinyozi.

Walipoaga, Masikio aligeuka kwenye ngazi kuuliza kitu, na kupitia dirishani akamwona kinyozi anazirudisha kofia, kwanza nyekundu, halafu ya kijani. Vumbi, akajiambia. Lakini mguu wake ulisita kwenye ngazi ile.

Kwa mshonaji waliona vibweta. Vilikuwa rafuni, mahali pale pale Masikio alipoviweka, ila vimegeuzwa vinatazama ukuta.

"Ebo! Hivi vimepata adhabu?" aliuliza Tani Kumi.

"Nilikuwa nafuta rafu, nikasahau kuvigeuza," alisema mshonaji, huku anavuta uzi usiokuwepo kwenye sketi yake.

Mwalimu akavua miwani. "Binti yangu, darasa la tatu uliniambia mbuzi amekula daftari lako. Nilikuamini?"

"Hapana, Mwalimu."

"Haya. Leo je?"

Mshonaji akamtazama Masikio, akatazama chini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye cherehani nne na wafanyakazi, lakini alisimama pale mikono nyuma kama mtoto mbele ya ubao.

"Zinachoma, Mwalimu. Tangu fundi alipokuja kuzirekebisha mwaka jana. Mtu akisema neno lenye s, ni kama sindano. Nilizigeuza zikawa nafuu. Lakini fundi mwenyewe alikaa hapa, akasikiliza, akasema ndiyo inavyotakiwa. Nikasema basi, kama Masikio anasikia sawa, mimi ndiye mbovu. Nisamehe, fundi. Nilikuwa nataka kwenda hospitali kupimwa."

Masikio alisogea, akakigeuza kibweta kimoja kikamtazama yeye, akawasha filamu kwa simu yake, akaweka sikio karibu kabisa na ile spika ndogo. Watu wakavuka msitu. Mvua ikaanza. Akasubiri ndege. Safari hii hakumsubiri kwa kichwa, alimsubiri kwa sikio, na sekunde ya ndege ikafika, ikapita, na hapakuwa na ndege.

"Analia?" aliuliza.

"Analia, fundi," alisema Mwalimu taratibu. "Tena sana."

Masikio alirudi dukani peke yake. Alimkuta mkewe anapanga nyaya. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mke wangu, nadhani sisikii vizuri."

Mkewe hakushtuka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Najua," alisema mkewe. "Nilijua tangu birika. Linapiga filimbi, wewe umekaa hapo hapo na gazeti, mpaka maji yanakauka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Ukasema birika ndilo bovu. Ukaninunulia jingine." Akalinyooshea kidole pale kwenye jiko. "Na hilo nalo hulisikii."

Masikio alicheka, kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mikono. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu. Kazi nyingine hakuijua. Tangu ujana alikuwa anasikiliza kwa niaba ya watu, na kumbe kwa mwaka mzima alikuwa anapita nyumba hadi nyumba akiwachoma watu masikio, nao wanamshukuru na kumsindikiza mpaka barabarani. Nyani haoni kundule, lakini angalau nyani hajajenga duka juu yake.

Kesho yake mkewe alimpeleka kwa daktari wa masikio. Walimweka ndani ya chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvalisha hedifoni, wakampa kitufe. "Bonyeza kila ukisikia mlio," alisema daktari kupitia kioo, "hata uwe mdogo vipi." Milio ikaanza. Mizito akaisikia yote. Ya kati akaisikia, hata ile midogo ya kunong'ona, na akaanza kujipa moyo. Kisha pakawa kimya. Akasubiri, kidole juu ya kitufe. Akasubiri sana. Akafikiri daktari ameenda kunywa chai. Akawa anahesabu matundu ya sponji, na alikuwa amefika mia moja na kumi mlango ulipofunguliwa.

"Tumemaliza," alisema daktari.

"Tumemaliza vipi? Milio ya juu hujaniwekea."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Nimekuwekea yote, fundi. Kila mmoja mara tatu."

Alimwonyesha karatasi: mstari unaokwenda vizuri, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Ni kelele za miaka mingi, alisema. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinalindika, na kuna vifaa vya kuvaa sikioni vitakavyomsaidia kwenye mazungumzo. Kuhusu kumsikia yule ndege kama zamani, daktari hakutaka kumdanganya.

Siku tatu Masikio hakuwafungulia wateja chumba cha nyuma. Alilala humo kochini, mchana kutwa, anatazama pazia. Siku ya tatu mkewe aliingia na chai bila kubisha.

"Nitafunga duka," alisema Masikio.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hujafa, umeumbuka tu. Kunywa chai."

"Nitamuuzia nani spika? Wakiniuliza Masikio anasemaje, niseme nini?"

"Waambie Masikio anasema shikamoo. Sijui! Lakini kuna mtu mbele anakuulizia, na mimi nimechoka kusema uko stoo."

Alikuwa Mwalimu, na mkoba wake kwapani. Alisimama katikati ya zulia, akamtazama yule mwanamume aliyejikunja kochini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kuamsha darasa zima baada ya chakula cha mchana.

"Fundi, sisi bado hatuna spika. Tani amenisimulia hadithi ya daraja lililovunjika mara nne tangu Jumatatu. Nahitaji filamu."

"Mwalimu, ulikuwepo. Uliona mwenyewe. Mimi siwezi tena."

"Huwezi nini?"

"Kusikiliza."

"Ala! Kwani atakayekaa na hizo spika kila alasiri ni nani, wewe au mimi? Nilikuambia zinanichoma, ukaniambia sijazoea. Hapo ndipo ulipokosea. Hukukosea kwa kuzeeka. Leta minara, leta vibweta, leta na waya. Saa nane. Na usichelewe."

Masikio alikuja saa nane kasoro kumi, kwa kigari cha mizigo cha kukodi, na mkewe amekaa mbele na dereva kuhakikisha haruki njiani. Sebule ilikuwa kama Mwalimu alivyosema, hatua tano kwa sita: rafu ya vitabu ukuta mzima, kabati la vikombe, kochi, kiti kikubwa cha Tani Kumi, na friji kwenye kona kwa sababu jikoni haikuenea. Kabla hajafungua boksi lolote, Masikio alisimama mbele yao.

"Mzee, pengine mkeo amekuambia. Niseme na mimi kwa mdomo wangu. Sauti za juu sizisikii tena. Hazitarudi. Nimepima."

Tani Kumi alimkazia macho, kisha akaunyoosha mguu mbele. "Goti hili limekwisha. Mgongo umekwisha. Jicho la kulia naliona kwa huruma ya Mungu. Karibu chamani, bwana, utupe mchango wa chai."

Masikio akacheka, na safari hii kicheko kilibaki kicheko.

"Sasa," alisema Mwalimu, "nisikilize. Miaka thelathini na mbili nilikuwa naandika ubaoni nimewapa mgongo watoto hamsini. Mmoja akipiga mluzi, nilikuwa nanyoosha kidole bila kugeuka. Wewe, dawati la nne, dirishani. Sikukosea hata siku moja. Nitakaa hapa, nitafumba macho, nitanyoosha kidole sauti inapotoka. Wewe fanya unayoyajua."

Wakaanza na minara. Masikio akaisimamisha, akaweka na ile spika ya katikati chini ya runinga, Mwalimu akafumba macho, filamu ikaanza. Lori lilipopita, vikombe vikacheza kabatini na Tani Kumi akapiga paja kwa furaha. Lakini watu walipoanza kuongea, kidole cha Mwalimu kilipanda hewani na kuanza kuzunguka.

"Huyu bwana yuko wapi? Yuko kila mahali. Anaongea kutoka ndani ya pipa."

Masikio alitazama kidole, akatazama kuta. Na hapo, jamani, ndipo alipoanza kujisikia mtu tena. Alijua kwa nini. Minara imebanwa kwenye kona, sauti nzito inagonga ukuta inarudi, chumba ni kidogo hakina mahali pa kuimeza. Hilo halikuhitaji sikio. Akaisogeza mbele hatua moja: kidole kikatulia kidogo, lakini sasa mlango wa jikoni haufunguki. Akaitoa yote miwili, akaipeleka koridoni.

"Ndugu zanguni!" alilia Tani Kumi, kama anayeona jeneza linatoka.

"Subiri, mzee."

Akavipanga vibweta rafuni, akaondoa vitabu pande zote mbili ili vipumue, akaviinua kwa kamusi mbili mpaka vikawa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Zile sauti nyembamba akazirudisha sifuri, mahali zilipopaswa kuwa siku zote. Filamu ikaanza tena. Mtu akasema neno lake la kwanza, na kidole cha Mwalimu kikaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa yule mtu pale runingani, kikabaki hapo.

"Inachoma?" aliuliza Masikio. Swali dogo tu, ambalo hakuwa amemuuliza mteja yeyote kwa mwaka mzima akasubiri jibu.

"Haichomi. Nasikia hata anavyovuta pumzi."

"Na lori?" aliguna Tani Kumi. "Lori langu limekuwa baiskeli."

Masikio akaleta boksi la besi, jeusi, zito, kubwa kama debe, akaliweka sakafuni nyuma ya kile kiti kikubwa. Hili alilisikia mwenyewe, kila tone lake. Besi haikuwa imemwacha. Lori likatokea mbali, likakaribia, na sakafu ikaanza kunguruma chini ya viatu vya mzee. Tani Kumi alishika mikono ya kiti. Wote waliuona mguu wake wa kushoto unakanyaga klachi.

"Basi, vibweta," alisema baadaye, sauti imempungua. "Kama litakuwa linapita hivyo, basi."

Zikabaki mbili za nyuma. Masikio alizitundika ukutani, akasimama katikati ya chumba, na ikambidi aseme.

"Mwalimu, kuna ndege. Baada ya mvua kuanza. Anapaswa kuwa juu, nyuma yako, upande wa kulia. Mimi sitamsikia. Utaniambia aliko."

Mvua ikaanza. Mwalimu alikuwa amefumba macho, kidole begani. Masikio alihesabu sekunde kwa midomo. Mkewe, aliyekuwa ameegemea mlango, akaacha kutafuna karanga.

"Analia," alisema Mwalimu. "Lakini huyu ndege yuko ndani ya friji."

Masikio akapanda kigoda, akaigeuza spika mbali na ubavu wa friji, akaipandisha shubiri moja. "Rudisha."

"Ametoka kwenye friji. Yuko begani kwangu. Amenikaribia mno."

Shubiri nyingine. Akairudisha nyuma, akaielekeza kwenye dari kidogo. "Rudisha."

"Anapanda," alisema Mwalimu, na kidole chake kikawa kinapanda naye polepole, kinapita kichwa, kinapita kabati. "Anapanda... bado... hapo. Hapo hapo, usiiguse! Ametua."

"Na mimi namsikia," alisema Tani Kumi kwa mnong'ono, mtu ambaye hakuwahi kunong'ona maisha yake. Shingo aliigeuza kutazama juu ya kabati, kana kwamba kweli kuna kitu.

Masikio alisimama juu ya kigoda, mkono bado uko kwenye spika. Kwake yeye palikuwa na mvua tu. Alikitazama kile kidole cha Mwalimu, kimenyooka, hakitikisiki, akafuata mahali kilipoelekea, na mahali pale palikuwa sahihi kabisa, juu, nyuma, kulia, kwenye tawi lile lile alilolijua kwa miaka yote. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alimpoteza ndege, lakini alikuwa amemweka mahali pake.

"Kuna methali nilikuwa nawafundisha watoto wakaidi," alisema Mwalimu, macho bado amefumba. "Sikio halipiti kichwa. Leo naona ina kazi nyingine."

Mke wa Masikio alimpa mumewe kalamu ya risasi kutoka kwenye mkoba wake, na Masikio akachora alama ukutani kuzunguka spika ili isije ikasogezwa wakati wa usafi. Kisha akatoa daftari la oda, akageuza kurasa za mwaka mzima uliopita, na kuanza kuweka vema kwenye majina, moja moja. Nyumba kumi na tisa. Aliziona zote kichwani: kofia, vibweta vilivyogeuzwa ukutani, na Mungu anajua nini kingine, mito, taulo, watu wazima wanaodhani wamekuwa viziwi.

"Nitaanza kesho," alisema. "Nitawauliza mmoja mmoja. Wanyooshe vidole."

Mwalimu akafumbua macho, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua bado liko dirishani.

"Kesho ya nini?" alisema, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kochi. "Kwa kinyozi si mbali. Twende tukavue zile kofia."